Mtungi wa Masutoku

Kuroiwa alikuja na buti zake. Mwaka ule wa baada ya vita, katika mtaa mzima wa Fukagawa, Tokyo, watu walitembea na ndara za mbao, na wenye bahati walikuwa na viatu vya jeshi vilivyotoboka mbele. Yeye alikuja na buti za ngozi zinazolia kila akipiga hatua. Akasimama mbele ya kibanda cha mabati cha mzee Tokubei akitafuta mlango wa kubisha. Mlango haukuwepo. Palikuwa na pazia la gunia tu, na gunia halibishwi, kwa hiyo akakohoa.

"Ingia," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Buti vua nje. Haziibiwi, hapa hakuna mwenye mguu mkubwa hivyo."

Mzee alikuwa ameketi chini ananyoosha misumari. Aliiokota kwenye majivu ya nyumba yake mwenyewe, iliyokuwa imesimama papo hapo kabla ya ndege za mabomu, akaigonga mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekunjamana tangu usiku wa moto, vidole vimejikunja vikakataa kufunguka. Nje kidogo, kwenye jiko la mafiga matatu, mkamwana wake Kinu alikuwa akikatakata majani ya viazi vitamu. Mumewe Eisuke, mtoto wa pekee wa mzee, alikufa kwenye visiwa vya kusini. Serikali ilimletea sanduku jeupe la mifupa, na ndani ya sanduku mlikuwa na kipande cha ubao. Waliobaki katika nyumba ile walikuwa watatu: mzee, Kinu, na Sayo wa miaka sita.

"Mzee, nimekuja kwa heri," Kuroiwa alisema, akakunja magoti kwenye mkeka uliochakaa.

"Heri ya siku hizi inavaa buti. Haya, sema."

Zamani, Masutoku ilipokuwa Masutoku, nyumba ya kuchoma mikunga iliyojulikana kuvuka mto hadi Nihonbashi, Kuroiwa alikuwa akija mlango wa nyuma kununua vichwa. Mkunga ni samaki mrefu wa mtoni, anateleza mkononi kama sabuni, na kichwa chake hakiliwi na mtu mwenye uwezo. Kuroiwa alivichoma vichwa vile akaviuza kwa vibarua wa bandarini. Basi dunia ikapinduka. Waliokuwa mlango wa mbele wakawa kwenye mabati, na wa mlango wa nyuma akawa bwana mkubwa wa soko la magendo.

"Nimepata nyumba karibu na stesheni," alisema. "Si kibanda, mzee, nyumba. Paa la vigae, chini jiko na meza, juu chumba cha mikeka mipya. Mlangoni nataka kuandika Masutoku. Wewe, mkamwana wako na mtoto mtakaa juu. Mchele kila mwezi, na ninaposema mchele ni mweupe, si huu wenu wa kuchanganya na pumba. Na wewe huna kazi ila kukaa mlangoni, watu wakuone."

"Kama yule paka wa udongo anayewapungia wateja."

"Sikusema hivyo."

"Mbona ni sawa tu? Mkono tayari umeshakunjika." Mzee akauinua mkono wake mbovu hadi sikioni, akaupunga mara mbili kama paka wa dukani. Kuroiwa hakujua kama acheke. "Na wewe unataka nini kwetu?"

"Jina. Na ule pale."

Hakunyoosha kidole, alielekeza kwa kidevu. Kwenye kona, mahali ambapo nyumba nyingine zingeweka kijisanduku cha kuwaombea marehemu, palikuwa na mtungi wa udongo wa kahawia, mdomo wake umefunikwa kwa karatasi nzito na kufungwa kwa kamba.

Mtungi ule ndio uliokuwa Masutoku, nyumba ilikuwa mbao tu. Babu yake Tokubei aliuanza mchuzi wake kwa maji ya soya, pombe tamu ya mchele na sukari, na tangu siku ile haukupata kumalizwa hata mara moja. Kilichotumika leo huongezwa leo. Mkunga huchovywa humo akitoka motoni, akaacha mafuta yake na moshi wake, kwa hiyo jioni mchuzi unakuwa umejifunza kitu ambacho asubuhi haukukijua. Mteja wa Masutoku alikuwa analamba kilichochovywa kabla baba yake hajazaliwa. Na kwa kuwa Fukagawa ni mji wa mbao na karatasi, na moto haukosi sababu, wachoma mikunga wana desturi yao: moto ukija, wengine wanabeba magodoro na nguo za hariri, wao wanabeba mtungi. Mwaka wa tetemeko kubwa baba yake Tokubei alikaa mtoni, maji kifuani, ameubeba kichwani hadi kulipokucha.

"Huo hauuzwi," mzee alisema, akachukua msumari mwingine. "Chukua jina ukitaka, uandike hata chooni kwako. Mtungi hauuzwi."

Jua lilikuwa limeshainama. Pazia la gunia likasogea, akaingia Sayo kutoka kucheza, akasimama mlangoni huku mikono imetangulia mbele. Akapiga hatua, akajikwaa kwenye goti la mgeni, akalishika.

"Babu, bakuli langu liko wapi?"

"Mimi si babu yako," Kuroiwa akasema taratibu.

"Samahani, mjomba. Babu, bakuli liko wapi?"

Bakuli lilikuwa mbele yake. Mtu yeyote angeliona, mwanga ulikuwa bado unatosha kusomea gazeti. Mzee akalichukua akalitia mikononi mwa mtoto, naye akakaa chini, akalikumbatia, macho yake makubwa yakitazama pasipo na kitu.

"Macho ya kuku," Kuroiwa alisema. "Yakifika magharibi hayaoni. Watoto wengi wanayo, ni lishe. Na dawa yake unaijua kuliko mimi, mzee. Maini ya mkunga."

Mwenye njaa hana miiko, watu husema, lakini mzee Tokubei miiko yake ilikuwa imevumilia njaa mwaka mzima na zaidi. Jioni ile ndipo nyundo ilipowekwa chini. Kinu aliisikia kutoka jikoni ilivyowekwa, akajua kabla mzee hajafungua mdomo.

"Njoo Siku ya Ng'ombe," mzee alisema. Hiyo ni siku ya kiangazi ambayo watu wa Tokyo tangu zamani hula mkunga wapate nguvu za kuvumilia joto. "Uje na mikunga walio hai. Na uje na mtu anayejua ladha ya hapa, aonje mbele yako. Usije kesho kutwa ukasema nimekuuzia maji."

"Nitamleta Mwalimu Ritsu."

"Yule mama bado yu hai?"

"Yu hai, na ulimi wake wote."

Nje, majani ya viazi yaliungulia sufuriani na Kinu hakuyageuza.

*

Siri ya mtungi muulize kata. Na kata ya mtungi ule ilikuwa mkononi mwa Kinu.

Usiku wa moto mzee hakukimbia. Amri ilikuwa kila mtaa uzime moto wake, na yeye ndiye mkuu wa kikosi cha ndoo. Akabaki na wenzake wakirushiana ndoo za maji, kama vile moto ule ulikuwa wa kuzimwa na ndoo. Alimfunga Sayo mgongoni kwa Kinu, akamtia mtungi mikononi, umefungwa kwenye kitambaa. "Elekea baharini," alimwambia. "Na huu usiuache. Nyumba tutajenga." Hayo tu. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia kaburini, Mungu alimhurumia asione.

Darajani upepo ulirusha cheche kama mchele wa kupepetwa. Watu mbele, watu nyuma, na chini mto umejaa watu. Kinu alisikia joto shingoni, akageuza kichwa, akaona kofia ya pamba ya mtoto, ile waliyovalishwa watoto wote kujikinga, imeshika moto. Maji hapakuwa na tone. Akaikata kamba ya mtungi kwa meno, akamwaga mtungi kichwani kwa mtoto, mgongoni kwake, kwenye nywele zake mwenyewe. Haikumchukua muda kufikiri, wala hakufikiri. Kufikiri kulikuja asubuhi, alipouchungulia mtungi akaona chini kabisa kuna kiasi cha vidole viwili.

Mzee aliwapata baada ya siku kadhaa kwenye jengo la shule lililonusurika, mkono umefungwa matambara. Aliwatazama wote watatu, mama, mtoto na mtungi, akasema, "Vizuri." Kinu alitaka kusema. Alifungua mdomo, na mzee akawahi: "Mtungi huu haufunguliwi hadi apatikane mkunga." Akaufunga karatasi mpya mwenyewe kwa meno na mkono mmoja. Tangu hapo kila asubuhi aliugusa kwa kiganja kabla ya kunawa uso, na kila asubuhi Kinu alihisi kile kiganja kifuani mwake.

Lakini hakukaa bure. Kila mgao wa maji ya soya ulipotoka, na ulikuwa mwembamba kama chai ya masikini, sehemu yake hakuila. Mzee akitoka kuokota misumari, Kinu alifungua karatasi, akachemsha, akamimina, akafunga kama alivyoikuta. Alikula viazi na chumvi, akasema hapendi soya, inampa kiungulia. Hivyo mtungi haukuwa mtupu. Ulikuwa na kitu. Kitu chenyewe ndicho kilichomtoa jasho sasa, maana Mwalimu Ritsu alikuwa amekula Masutoku miaka arobaini, na angejua kwa tone moja.

Kuna sauti ilimwambia: mtungi ukiuzwa, shida ni ya Kuroiwa. Mlanguzi ameibiwa, nani atalia? Mtoto atalala chini ya vigae, atakula, ataona. Sauti ile haikuwa ya shetani, ilikuwa ya mama. Asubuhi Kinu alifungua furushi la nguo akatoa kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha thamani, mshipi mpana wa hariri wa arusi yake, ulionusurika kwa kuwa ulikuwa kwa shangazi yake. Akapanda treni ya Chiba, kwenye mashamba.

*

"Hariri tena?" mama mwenye shamba alisema. Hakuugusa, mikono yake ilikuwa na udongo. "Kabati langu limejaa. Nyie wa Tokyo mtaniletea hadi ngozi zenu. Mwenzangu, hata ng'ombe wangu sasa ana kimono."

Binti zake wawili wakacheka kwenye baraza. Kinu akainama. "Sitaki mchele, mama. Nataka maji ya soya mazuri, chupa moja. Na kama kuna asali ya shayiri ya kutia utamu, kidogo tu."

"Soya ya kupikia nini huko, na hamna cha kupika?"

"Kuna kazi yake."

Mama yule akautazama mshipi tena, na macho yakamsaliti: ulikuwa na korongo waliofumwa kwa uzi wa dhahabu. "Basi nifunge nione."

Kinu akapiga magoti nyuma yake kwenye udongo, akamfunga mshipi wa arusi juu ya suruali ya shambani yenye viraka. Ni kazi ya nguvu, mshipi ule. "Vuta, bibi," mama alisema, "au nyie nguvu yenu iko kwenye ulimi tu?" Kinu akavuta. Mabinti walicheka hadi mmoja akashika tumbo, na mama mwenyewe akajizungusha mbele ya dirisha akijitazama kwenye kioo. Kinu alibaki magotini. Aliona haya, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba alikuwa ameufunga vizuri, kwa mazoea ya mkono, kama vile anamfunga bibi arusi.

Alipopewa chupa na kikopo cha asali, mama yule alimfuata hadi njiani.

"Usininunie," alisema, sasa bila mzaha. "Mimi nilikuwa nakuja Fukagawa kuuza vitunguu. Miaka kumi nimepokelewa mlango wa nyuma, na sikupewa hata maji ya kunywa."

Kinu alijua kuwa ni kweli. Akainama, na safari hii aliinama kutoka moyoni.

Stesheni polisi walikuwa wanapekua mizigo ya magendo. Akaifunga chupa mgongoni kwa nguo ya kubebea mtoto, akaifunika kichwa, akapita anaibembeleza. Safari ya kwanza alimwaga mchuzi kuokoa mtoto; safari hii mgongoni alibeba mchuzi. Aliwaza hivyo ndani ya treni, akacheka peke yake, na abiria wakasogea pembeni.

Mzee alipotoka kuokota misumari, Kinu aliuchemsha mchuzi, akaonja, akaongeza asali, akaonja. Ulikuwa mweusi na unang'aa. Lakini mweusi si lazima awe mzee, hilo hata mtoto analijua.

*

Siku ya Ng'ombe joto lilikuwa la kukaanga. Kuroiwa alikuja na ndoo ya mikunga watatu na, nyuma yake, chini ya mwavuli wenye tundu, Mwalimu Ritsu. Bibi huyu alikuwa amefundisha nusu ya wasichana wa mtaa kupiga shamiseni, ala ya nyuzi tatu; zana zake zote ziliungua, sasa alifundisha kwa mdomo, akiimba nyuzi. Aliingia, akatazama mabati juu, akatazama gunia.

"Tokubei, nyumba imekuwa na hewa."

"Tumepunguza kuta, Mwalimu. Zilikuwa zinazuia upepo."

"Vizuri. Mimi pia nimepunguza vitu." Akakaa mahali pazuri, kana kwamba ndipo alipowekewa siku zote.

Mzee akatoa ubao, akatoa kisu chake kifupi kilichopona motoni bila mpini, sasa kina mpini wa mti wa ufagio. Akampasua mkunga wa kwanza kwa mkono wa kushoto, kupitia mgongoni kama wanavyopasua watu wa Tokyo, maana huu ulikuwa mji wa wapiganaji waliojiua kwa kujipasua tumbo, na kupasua tumbo ni mkosi. Zamani kazi hiyo ilikuwa pumzi moja. Sasa mkunga alimzunguka mkononi, kisu kikateleza, nyama ikachanika pembeni. Kuroiwa akatazama kando. Mwishowe watatu wote wakaisha, wamepasuliwa vibaya, lakini wamepasuliwa mgongoni. Maini akayatenga kwenye kibakuli.

Halafu mzee akachukua upepeo wa karatasi wa kupulizia mkaa. Kwa sheria ya nyumba hiyo mwanamke husafisha, huwatunga mikunga kwenye vijiti, hupokea wageni. Kwenye moto hasogei. Mzee akampa Kinu upepeo.

"Choma wewe."

"Mwanamke?" Kuroiwa akasema.

"Ameshashinda moto mkubwa kuliko huu. Choma, Kinu."

Akachoma. Miaka minane alikuwa ametazama mabega ya mumewe na ya mzee mbele ya lile jiko, na mikono ilijua zaidi ya alivyodhani. Mafuta yakaanza kudondoka, moshi ukapanda, na nje watu waliokuwa wakipita kwenye vifusi wakapunguza mwendo. Harufu ile haikuwa imesikika mtaani tangu moto. Mzee akauvuta mtungi, akaikata kamba, akautoa ule mfuniko wa karatasi. "Chovya."

Kinu akamshika mkunga kwa vijiti vyake juu ya mdomo wa mtungi. Sayo alikuwa amekaa karibu, pua juu. Kuroiwa ametulia, anatabasamu. Mwalimu Ritsu amefumba macho tayari. Lilikuwa jambo la kuteremsha mkono tu, na vigae na mchele mweupe vilikuwa ng'ambo yake.

Akarudisha vijiti kwenye ubao.

"Huu si mchuzi wa Masutoku," alisema. "Ule niliumwaga. Darajani, kichwani kwa huyu. Kofia yake ilishika moto na maji sikuwa nayo. Ulibaki vidole viwili, na mwingine huu nimeongeza mimi, soya ya mgao na soya ya Chiba. Baba, nilikudanganya. Bwana Kuroiwa, nusura nikuibie. Lakini sitaomba radhi kwa kuumwaga. Hata leo ningeumwaga."

Mkaa ulilia kidogo. Kuroiwa ndiye aliyeanza, na alianza kwa kucheka.

"Sasa hilo nalo ni la kulia? Nani atajua? Wateja wangu ni walanguzi na wanajeshi waliorudi, wao wakila soya wanafurahi. Watakachokiona ni mtungi, na mzee, na jina. Mkataba uko vilevile. Mwalimu atasema ndiyo, tutamkumbuka kila mwezi, na mambo yamekwisha."

Kinu akamgeukia mkwewe. Alitegemea kumwona amevunjika. Mzee alikuwa amenuna, kama mtu aliyeporwa zamu yake.

"Umeniwahi," alisema. "Maneno haya nilikuwa nimeyaandaa mimi, niyaseme Mwalimu akishaonja, wiki nzima nayapanga."

"Baba?"

"Pale shuleni ulinipokea umeubeba mtungi kwa mkono mmoja. Kinu, nimeubeba mtungi ule maisha yangu yote. Ukiwa umejaa, haubebwi kwa mkono mmoja. Halafu nikamnyanyua mtoto, kofia yake ikaninukia Masutoku nzima, jiko, mbao, baba yangu. Nikajua babu yangu na baba yangu wamemfunika Sayo, kilembwe na kitukuu chao. Nililia kule nyuma ya shule, ukitaka kujua. Nililia kwa furaha."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, asante? Mama hashukuriwi kwa kumwokoa mwanawe. Na ningekwambia najua, ungeona nakudai. Nikaona bora niufunge, uwe na muda wako. Ulipoanza kujinyima soya nikajua unaulisha. Basi nikasema moyoni, huyu ndiye mchoma mikunga." Akamgeukia Kuroiwa. "Bwana mdogo, umesikia. Jina la nyumba hii halikai mbele ya uongo, hata wenye paa la vigae. Tumeshindwa kuelewana. Asante kwa kuja na jua hili."

Uso wa Kuroiwa ukabadilika. "Sawa, mzee. Lala kwenye mabati na heshima yako. Lakini mikunga ni wangu." Akanyoosha mkono kwenye ubao, kwenye maini.

"Kuroiwa," Mwalimu Ritsu alisema bila kufumbua macho. "Hawa umewaleta au umewakopesha?"

"Niliwaleta kwa ajili ya biashara."

"Umewaleta. Ulivuka kizingiti cha mtu na ndoo mkononi. Mimi nimezaliwa Fukagawa, Tokubei amezaliwa Fukagawa, na hapa mtu harudi nyumbani na alicholeta kwa mkono wake, hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Lakini pengine nimekosea. Wewe ni mtu wa wapi vile?"

Nje ya pazia wapita njia walikuwa wamesimama, wamevutwa na moshi, na wote walisikia. Kuroiwa alikuwa amezaliwa mitaa miwili kutoka pale. Angeweza kununua kila kibanda hadi mtoni, lakini jibu la swali lile halikuwa likiuzwa sokoni kwake. Mkono ukabaki hewani, halafu ukarudi mfukoni.

"Wa hapa," alisema kwa shida. "Mimi ni wa hapa. Kuleni." Na alipokuwa anavaa buti, akaongeza bila kugeuka, "Kwenye maini, Mwalimu, mtoto asitiliwe chumvi nyingi."

"Tumesikia, mwana wa Fukagawa," mzee akasema, na safari hii hakuwa anamkejeli.

Sayo alikula maini yote, akalamba kibakuli, akaulizia mengine. Kinu akarudi kwenye moto. Akachovya mkunga wa kwanza, akamrudisha kwenye mkaa, akachovya tena, na tone la mafuta likaanguka ndani ya mtungi likatanda juu, dogo, la kwanza. Kipande kizuri kuliko vyote, kile kisichochanika, akampa Mwalimu Ritsu juu ya wali wa shayiri. Bibi akatafuna polepole, na watu wa nje wakamtazama koo.

"Mwepesi," alisema.

"Mchanga," mzee akamrekebisha. "Umezaliwa leo. Njoo baada ya miaka sitini."

"Miaka sitini? Mimi?"

"Usifanye haraka ya kufa, basi."

Mwalimu Ritsu akamtazama Kinu, aliyekuwa ameinamia mtungi, uso umejaa masizi, akimimina soya iliyobaki ya Chiba mahali pa ile iliyotumika.

"Niwekee nafasi karibu na jiko," akasema, akasukuma bakuli lake mbele aongezwe.